Ndiyo kwanza anatoka kwao

Wenye nyumba wenzangu, mwezi huu barua zenu karibu zote zinamhusu mtu mmoja: kijana anayepanga kwa mara ya kwanza. Nina vyumba vinane vya kupangisha Kireka, karibu na Kampala hapa Uganda, na wapangaji wangu wengi ni wa umri huo, kwa hiyo ninayoyasema hapa mengi nimeyalipia.

*Mama, kijana wa miaka 23 anataka chumba changu cha shilingi 300,000. Ametoka hosteli, hajawahi kupanga. Hana mwenye nyumba wa zamani wa kumuuliza. Nitamjuaje? – Bweyogerere*

Kwanza elewa anakotoka. Hosteli si nyumba. Kule mzazi hulipa kwa muhula, umeme na maji vimo humo humo, na taka huondolewa na mtu ambaye yeye hajawahi hata kumwona. Anapofika kwako hajui kwamba maji yana bili, kwamba kufuli likivunjika kuna wa kulinunua, wala kwamba tarehe moja ya mwezi huja upesi kuliko mshahara. Watu wanaita huo ukaidi. Mimi naona hajaambiwa tu, na wa kumwambia ni wewe, kabla ya kumpa ufunguo.

Kumjua si kazi ngumu. Chukua nakala ya kitambulisho cha taifa. Mwombe barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa kwao, na barua ya kazi kama ameajiriwa. Kisha omba namba ya mzazi au ndugu mkubwa, umpigie hapo hapo, kijana akiwa amesimama mbele yako. Sauti ya mama mtu itakueleza mengi. Kuna mzazi mmoja alikuja na binti yake, kabla hata ya kusalimiana vizuri akaenda kukagua choo, akarudi akauliza nani anakiosha na kwa zamu gani. Binti yule alikaa kwangu miaka mitatu bila tatizo.

Halafu muulize mshahara, bila haya. Akisema 600,000 na chumba ni 300,000, usimpe hicho. Nauli, chakula na vocha vitaila nusu iliyobaki, na mwezi wa tatu mtaanza kukwepana. Mimi humwonyesha muzigo, yaani chumba cha kawaida cha bei ya chini, wa 180,000. Wengine hununa, lakini wengi huchukua.

Yote mnayokubaliana yaandikwe. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 inataka mkataba wa thamani ya shilingi 500,000 na kuendelea uwe wa maandishi, na hata ujumbe wa simu au barua pepe unakubalika. Piga hesabu ya miezi uone kama chumba chako hakifiki hapo.

*Vyumba vinne vinatumia Yaka moja, mita ya umeme wa kulipia kabla. Mpangaji mpya ana koili ya kuchemshia maji, pasi na jiko la umeme. Uniti zinaisha siku mbili na wenzake wanataka kumpiga. – Jinja*

Hapo mwenye kosa ni wewe, ndugu yangu, na koili haina hatia. Watu wanne kwenye mita moja ni ugomvi uliopangwa tangu siku ya kwanza. Kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayemaliza umeme, na anayelipia leo anahisi ameibiwa na aliyelipia jana.

Kuna hasara nyingine ambayo wenye nyumba wengi hatuitazami. Uniti 15 za kwanza za kila mwezi kwa mtumiaji wa nyumbani huuzwa kwa bei nafuu sana. Mita moja, mgao mmoja. Vyumba vinne vikigawana, kila kimoja hakipati hata uniti nne za bei hiyo. Kila chumba kikiwa na Yaka yake, mtu wa taa na simu anaweza kulala mwezi mzima bila kutoka sana nje ya zile 15. Omba mita tofauti kwa UEDCL, shirika la umeme la serikali, ambao ndio wasambazaji tangu kampuni ya Umeme ilipomaliza mkataba wake Machi 2025. Ukiona gharama ni kubwa, mtafute fundi mwenye leseni akufungie mita ndogo kwa kila chumba, ili angalau mjue nani ametumia kiasi gani.

Mpaka hapo, mwambie kijana wazi wazi: koili hapana. Wengi wao kweli hawajui kwamba maji ya ndoo moja yanaweza kula umeme ambao taa ingeutumia siku nyingi.

*Nilimpangisha mmoja. Sasa wako wanne ndani. – Kyebando*

Ulisema mmoja kwa mdomo au kwenye karatasi? Kama ni kwa mdomo, kaa naye upya, uandike. Mgeni wa siku tatu ni mgeni. Anayeleta godoro ni mpangaji, aandikwe jina na alete kitambulisho. Usijifanye polisi wa mapenzi ya watu, lakini tangi la maji na choo vina hesabu yake, na wapangaji wengine wana haki ya kulalamika.

*Kijana anadai risiti kila mwezi. Naogopa karatasi hizo zitafika kwa watu wa kodi. Nimwambie nini? – Mukono*

Mpe risiti! Akikulipa kwa simu, alama tayari ipo, risiti au hakuna. Na kodi ya serikali si zimwi unalolifikiria. Kwa mtu binafsi ni asilimia 12 ya mapato ya pango yanayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Ukikusanya milioni sita kwa mwaka, unatoa hizo 2,820,000 kwanza, asilimia 12 ya zinazobaki ni shilingi 381,600. Inauma, sikatai. Lakini risiti hiyo hiyo ndiyo itakayokulinda siku kijana unayemdai atakaposema "nilishalipa."

*Ana deni la miezi miwili. Nimeshamwita fundi aje kung'oa mlango. – Mbale*

Mrudishe fundi kwao. Najua mchezo huu, mtaani kwetu umechezwa sana: mlango unang'olewa, au mabati, mvua inyeshe, mtu ahame mwenyewe. Sheria haikuruhusu kujichukulia hatua kwa mkono wako, na kijana wa leo ana simu yenye kamera. Vitu vyake vikilowa au vikiibiwa, wewe uliyekuwa unadai utakuwa unadaiwa.

Mwandikie notisi yenye kiasi na tarehe. Muulize amepatwa na nini, maana kazi za kwanza hukatika ghafla, na anayeficha uso mara nyingi ni aibu tu. Mimi nimewahi kumgawia mtu deni kwa mafungu manne akalimaliza. Mwingine alihama usiku na balbu zangu, sikatai kwamba nao wapo. Akikataa kuzungumza, nenda naye kwa mwenyekiti wa LC, na ikishindikana, mahakamani. Nakala za notisi na risiti ndizo zitakazokusemea huko.

*Naweza kuongeza kodi ya chumba Januari? – Masaka*

Unaweza, lakini isizidi asilimia 10 kwa mwaka, na umjulishe mapema kwa maandishi. Chumba cha 200,000 mwisho wake ni 220,000.

*Mimi ni mzazi. Binti yangu amepata kazi Kampala na anatafuta chumba karibu na Kikoni. Dalali anataka pesa kabla ya kumwonyesha, na mwezi mzima wa kodi akimpata. Ni halali? – Arua*

Si mwenye nyumba, lakini nitakujibu kwa sababu umeuliza vizuri. Mwezi mmoja kwa dalali ndiyo desturi ya Kampala, tuipende tusiipende. Pesa ya kumtembeza mtu kwenye vyumba nayo ipo, ila iwe ndogo, na iwe ya siku hiyo yote, si ya kila mlango. Kodi yenyewe binti asimpe dalali hata kidogo. Amtafute mwenye nyumba, aulize majirani wanamlipa nani, na mwenyekiti wa LC athibitishe ndiye. Kuna vyumba ambavyo hukodishwa kwa watu watatu asubuhi moja.

Na mwambie asiende kutazama chumba saa nne asubuhi jua likiwaka. Aende jioni, saa moja, aone kama njia ina taa, na afungue bomba kabla ya kusifia vigae.