Wimbo Ukiwaganda Watoto, Fungua Ramani

Wanangu walikuwa wanaitaja miji mikuu ya dunia kama kasuku. Ukiwaambia waioneshe kwenye ramani, wanatazamana. Kilichotutoa hapo ni muziki, tena ule wa redioni, wala si zile nyimbo zilizotungwa makusudi kukaririsha mabara. Wimbo wa kufundishia mtoto anaunusa kutoka mbali na kukimbia. Kibao anachokipenda mwenyewe, kiitikio tayari kimeshamkaa kichwani, kilichobaki ni kumwonesha kinapoimbwa pako wapi.

Kwa hiyo usitafute wimbo wenye mafunzo. Chukua unaopigwa nyumbani sasa hivi, hata kama umeshakuchosha. Sisi tulianza na "Waka Waka", wimbo wa Shakira wa Kombe la Dunia la 2010. Mwimbaji ni wa Colombia, mashindano yalikuwa Afrika Kusini, na kiitikio kimetoka Kamerun, kwenye "Zangaléwa" ya kundi la Golden Sounds ya mwaka 1986. Tuliweka nukta tatu kwenye ramani tukaziunganisha kwa penseli, na bahari ya Atlantiki ikajitokeza yenyewe katikati. Kisha tukatazama vipande vya mechi zile. Ulikuwa mwezi wa Juni, na jukwaani watu wamevaa makoti na skafu. Mdogo akauliza mbona wamevaa hivyo na huko ni Afrika. Swali hilo moja lilitufikisha kwenye ikweta, mhimili wa dunia ulioinama, na kwa nini kusini huwa baridi wakati kaskazini ni kiangazi. Ningeanza na somo la majira, wangeshasinzia.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye nyimbo zinazotaja miji kwa mfululizo. Ninayoipenda kuliko zote ni "Route 66" ya Bobby Troup, iliyorekodiwa na Nat King Cole mwaka 1946. Ni barabara ya zamani ya Marekani, kutoka Chicago hadi Los Angeles, na wimbo unaifuata mji kwa mji kuelekea magharibi. Mpe mtoto ramani yenye majimbo, weka wimbo, na kidole kitembee. St. Louis, Joplin, Oklahoma City, Amarillo, Gallup, Flagstaff... halafu Winona. Hapo kidole cha binti yangu kilisimama, kikatafuta mbele, kisha kikarudi mashariki.

"Mama, amerudi nyuma!"

Kweli, Winona iko mashariki ya Flagstaff. Ilipaswa kutajwa kabla. Nikamwambia asikilize neno linalotangulia. Akaimba polepole: Arizona, Winona. "Aa, alitaka vina!" Tangu hapo hatusikilizi wimbo wa safari bila kumkagua mtunzi. Nao wimbo huu una fumbo la pili: barabara ile ilipita majimbo 8, na kuna jimbo ambalo wimbo unaliruka kimya kimya. Usimwambie mtoto, mwache alitafute. (Ni Kansas. Barabara ilikatiza pembeni tu, haifiki hata kilomita 25.)

Wengi huogopa nyimbo zenye makosa ya namna hii. Mimi nazitafuta. "Africa" ya kundi la Toto, ya mwaka 1982, inauinua mlima Kilimanjaro juu ya Serengeti na kuufananisha na Olympus. Toa rula, pima kwa kipimio cha ramani: kati ya mlima na hifadhi kuna zaidi ya kilomita 200, na nyanda za juu za Ngorongoro zimekaa katikati. Linganisha na urefu pia. Kilimanjaro ni mita 5,895, Olympus ya Ugiriki ni mita 2,917, yaani nani amfananishe nani? David Paich, mmoja wa watunzi wawili, alikuwa hajawahi kufika Afrika alipoutunga, na ukishalijua hilo unaona kwa nini bara zima limegeuka mahali pamoja panaponyesha mvua. Waulize watoto mvua hiyo inanyesha wapi hasa, Sahara au msitu wa Kongo.

Nyimbo za zamani zina kazi nyingine: zinahifadhi majina yaliyofutwa kwenye ramani. Rumba za miaka ya sabini na themanini zinaimba Zaire, nchi iliyobeba jina hilo kuanzia 1971 hadi 1997. "Istanbul (Not Constantinople)" ya The Four Lads, ya 1953, imetungwa juu ya jambo hilohilo, na inakumbusha kwamba hata New York ilikuwa New Amsterdam. Kwa mtoto mkubwa kidogo, swali la nani ana haki ya kubadili jina la mji linaweza kula jioni nzima.

Angalizo: sikiliza maneno mwenyewe kwanza. "Despacito" inataja Puerto Rico na video yake ilipigwa San Juan, lakini mashairi yale si ya watoto.

Wakishazoea, waache watunge. Geoff Mack wa Australia aliandika "I've Been Everywhere" mwaka 1959 kwa kupanga majina ya miji ya kwao, kisha wimbo ukaandikwa upya kwa miji ya nchi nyingine, na huo wa Marekani ndio Johnny Cash aliouimba. Wanangu wana beti zao, na sharti ni moja tu: mji hauingii kwenye ubeti kabla hujauonesha kwenye ramani. Mkubwa amekwama na Ouagadougou. Vina anavyo, mizani inamgomea, na ananilaumu mimi.