Maswali ya Wasomaji: "Fedha Zimo Kwenye Bajeti"

SWALI: Mhariri, barabara ya kwetu ilianza kuchongwa miaka minne iliyopita, kisha trekta zikaondoka. Kokoto zilizorundikwa kando yake sasa ni kilima cha mbuzi. Kila mheshimiwa anapokuja hutuambia kwamba tusiwe na wasiwasi, kwa sababu fedha zimo kwenye bajeti. Nimesikia kwamba Bunge lina watafiti wake wanaolipwa kuchambua bajeti. Je, kazi yao ni ipi hasa, na mbona mambo kama haya huwapita? – Msomaji, Kilifi

JIBU: Msomaji wetu, huenda mheshimiwa wako hasemi uongo. Yawezekana kabisa kwamba fedha zimo kwenye bajeti, na hapo ndipo kazi ya mtafiti huanzia, kwa maana swali la maana ni fedha kiasi gani, za kipindi gani, zikilinganishwa na deni gani.

Tuchukue barabara ya mfano tu, isiyo yako wala ya mtu mwingine. Tuseme ina urefu wa kilomita 20, kandarasi yake ni ya shilingi bilioni 1.2, na mwanakandarasi ameahidi kuimaliza katika miezi 24. Ukifungua kitabu cha makadirio ya matumizi ya maendeleo, utaikuta barabara hiyo kwenye mstari mmoja, ikiwa imetengewa shilingi milioni 100 mwaka huu na milioni 100 kwa kila mmoja wa miaka miwili inayofuata. Mbunge aliyechoka, mwenye vitabu vya kurasa mamia kwa mamia mezani, ataona jina la barabara yake, atashukuru, kisha atafunga kitabu. Mtafiti atagawanya bilioni 1.2 kwa milioni 100 na kupata miaka 12, yaani barabara ya miezi 24 imepangiwa kulipwa kwa muda wa mtoto kutoka darasa la kwanza hadi kumaliza sekondari. Mwanakandarasi asiyelipwa huondoa mitambo, na hati za kudai malipo ya kazi aliyokwisha kuifanya hugeuka kuwa madeni yanayozaa riba, ambayo mlipa kodi atayabeba bila kuongezewa hata mita moja ya lami.

Kisha mtafiti huyo huyo atagawanya gharama kwa urefu, apate shilingi milioni 60 kwa kilomita, na kuilinganisha na barabara nyingine za kiwango hicho katika eneo linalofanana. Tofauti si lazima iwe wizi: udongo mweusi wa mfinyanzi, daraja refu au fidia ya ardhi huweza kuipandisha bei kwa haki. Hata hivyo, tofauti isiyoelezeka humpa mbunge swali ambalo katibu wa wizara hawezi kulijibu kwa kusema tu kwamba mradi unaendelea vizuri.

Nchini Kenya, kazi hii ni ya Ofisi ya Bajeti ya Bunge, iliyoanzishwa mwaka 2007 na ambayo sasa imewekewa msingi katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Jirani zetu wa Uganda walitutangulia, kwani Sheria yao ya Bajeti ya mwaka 2001 ndiyo iliyolipatia Bunge lao ofisi ya namna hiyo. Sababu ya kuwapo kwake ni nyepesi kueleweka. Hazina ya Kitaifa ina wachumi wengi, takwimu zote na mwaka mzima wa kujitayarisha, ilhali Bunge hupokea Taarifa ya Sera ya Bajeti, inayotangulia makadirio na kueleza vipaumbele vya serikali, kufikia tarehe 15 Februari na kupewa siku 14 za kuijadili. Makadirio yenyewe huja kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni. Asiye na mchambuzi wake mwenyewe katika miezi hiyo miwili hana budi kutegemea maelezo ya yule anayepaswa kumhoji.

Utegemezi huo ulitugharimu kiasi gani? Nitataja reli ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, kwa sababu hakuna mradi unaoonyesha vizuri zaidi umuhimu wa kuuliza ni nani aliyefanya utafiti. Upembuzi yakinifu wa reli hiyo, yaani utafiti wa kupima kama mradi unafaa, ulitokana na makubaliano ya mwaka 2009 kati ya serikali na kampuni ya Kichina ya China Road and Bridge Corporation, na kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyopewa kandarasi ya kuijenga. Fundi alipima shamba, akachora nyumba, akataja bei, kisha akaajiriwa kujenga. Mwaka 2013 Benki ya Dunia ilitoa uchambuzi wa reli za Afrika Mashariki ulioona kwamba kuikarabati reli ya zamani kungekuwa njia nafuu zaidi kwa mizigo iliyotarajiwa. Mtu anaweza kuupinga uchambuzi huo, na wapo walioupinga kwa hoja nzito, lakini kamati za Bunge zilipoanza kuichunguza SGR mapema mwaka 2014, kandarasi ilikuwa imetiwa saini tangu mwaka 2012. Treni ya abiria ilianza safari kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, baada ya takriban shilingi bilioni 327 kutumika, sehemu kubwa yake ikiwa mkopo kutoka Benki ya Exim ya China.

Ninaisimulia habari hii kwa sababu, kwa maoni yangu, udhaifu mkubwa wa utafiti wa bungeni ni kuchelewa, kuliko hata uchache wa wataalamu. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo Katiba inataka itoke ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, ni nyaraka ya thamani kubwa. Bunge nalo limepewa miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Lakini ukaguzi huja fedha zikiwa zimekwisha kutumika. Uchambuzi wa makadirio huja kabla, nao ndio unaoweza kuizuia shilingi isitoke.

Mlango mwingine ambao wananchi wengi hawauangalii ni bajeti ya ziada, yaani marekebisho ya bajeti yanayofanywa katikati ya mwaka wa fedha, ya kuongeza au kupunguza. Kifungu cha 223 cha Katiba kinairuhusu serikali kutumia fedha ambazo hazikuidhinishwa, mradi zisizidi asilimia 10 ya kiasi kilichopitishwa mwaka huo, na kuomba idhini ya Bunge ndani ya miezi miwili baada ya fedha kutolewa kwa mara ya kwanza. Makusanyo ya kodi yanapopungua, mishahara haiguswi wala madeni ya nje, kwa hiyo mkasi hukimbilia miradi ya maendeleo. Barabara iliyotengewa milioni 100 mwezi Juni huweza kubaki na milioni 30 ifikapo Februari, na hakuna mkutano wa hadhara utakaoitishwa kukuambia hivyo. Mtafiti huyaona haya kwa kuweka vitabu viwili kando kwa kando na kufuata mstari mmoja kwa kidole. Kama mbunge hakumwita, au alimwita na hakusoma alichoandikiwa, hapo lawama haiwezi kumwendea mtafiti.

SWALI (la msomaji huyo huyo): Je, sisi wananchi tunaweza kuziona karatasi hizo, au ni siri za wakubwa?

JIBU: Si siri. Sheria inataka taarifa za Ofisi ya Bajeti ya Bunge zitangazwe kwa umma, na kamati inayojadili makadirio ni lazima ipokee maoni ya wananchi na kuyazingatia kabla ya kutoa mapendekezo yake. Ni kweli kwamba taarifa nyingi huandikwa kwa Kiingereza cha wachumi, jambo ambalo binafsi naliona kuwa dosari kubwa katika nchi yenye lugha ya taifa, lakini tarakimu hazina lugha.

Kuhusu barabara yako, andika barua kwa taasisi inayoisimamia chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo inaipa taasisi ya umma siku 21 za kujibu. Usiulize barabara itakwisha lini, maana utaahidiwa. Omba nambari ya kandarasi, thamani yake, tarehe iliyokubaliwa ya kukamilika, jumla ya hati za malipo zilizowasilishwa na mwanakandarasi na jumla ya zilizolipwa hadi leo. Majibu hayo yakifika, nenda nayo kwenye mkutano ujao wa mheshimiwa pamoja na ukurasa wa makadirio ya mwaka huu, na umwombe agawanye thamani ya kandarasi kwa fedha zilizotengwa mwaka huu mbele ya watu.