Mvua Ilinyesha, Mbona Hatukuvuna?

Barua za wiki hii karibu zote zinalia shamba, basi nimezijibu pamoja.

Mwaka huu mvua haikuwa haba. Mbona mahindi yangu yametoa magunzi matupu? (Kongwa, Dodoma)

Mahindi hayajali jumla ya mvua, yanajali siku. Yanapotoa mbelewele na ndevu ndipo hasa yanapotaka maji. Jua likiwaka wiki 2 mfululizo wakati huo, chavua inakufa na punje hazishiki, hata mvua ikija baadaye ikafurika. Kwenu msimu ni mmoja tu, takriban Desemba hadi Aprili, hakuna vuli ya kufidia. Joto nalo linazidi kupanda, kwa hiyo udongo unakauka upesi kati ya mvua moja na nyingine. Mtama ukikosa maji hujikunja, husimama kukua, kisha huendelea mvua ikirudi. Wagogo wa zamani walilijua hilo. Sembe ndiyo iliyotusahaulisha. Nami nikiri, mezani huutafuta ugali mweupe.

Nililima mtama, kwelea kwelea wakaumaliza. Nifanyeje? (Manyoni)

Jibu langu halitakufurahisha. Mtama mwekundu wenye uchungu ndege hawaupendi sana, ila na watoto nyumbani hawaupendi. Pandeni majirani wote kwa wakati mmoja ili hasara igawanyike, na mpeane zamu za kuamia, yaani kufukuza ndege. Shamba moja la mtama katikati ya mahindi ni karamu.

Siku hizi mvua inatukuta tumeanika. Mahindi yenye ukungu kidogo yakisagwa si salama? (Kiteto)

Si salama. Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu huo, haiishi kwa kusaga wala kupika. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikaua watu huko kwenu Manyara na Dodoma. Ukame huanza kuidhoofisha mihindi ikiwa bado shambani, kuvu likaingia. Unyevu ghalani humalizia kazi. Anika juu ya turubai, usianike chini. Kisha chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Yakikauka ndipo uyatie kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa. Ukiyafungia mabichi utakuwa umeyaozesha kwa gharama.

Sisi huku tunalima mwani, hatuli mwani. Habari za njaa zinatuhusu nini? (Paje, Unguja)

Mchele mnaununua kwa fedha gani? Kotonii, mwani wenye bei nzuri, hauvumilii maji ya moto ya kina kifupi: unapauka, unakatika, unapotea na maji. Unaobaki ni spinosamu, mwani wa aina nyingine ambao bei yake ni ndogo, na mchele wa dukani haupungui bei kwa sababu hiyo. Dawa inayotajwa ni kuhamia maji ya kina, yenye ubaridi. Lakini huko kunataka chombo na kujua kuogelea, na wakulima wengi wa mwani ni akina mama, na wengi wao hawakufundishwa kuogelea.