Muulize Baharia: Wenzetu waliobaki baharini

Mwezi huu nimepata barua tatu za mambo ya mafuta na meli zake, zote kutoka huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, nikaona nizijibu kwa pamoja.

SWALI: Shikamoo mzee. Naandika kutoka Tukuyu. Baba yangu alifanya kazi kwenye meli za mafuta za nje miaka ya sabini mpaka themanini na kitu hivi, sasa kazeeka yuko nyumbani na kahawa yake na migomba. Ana daftari kaandika majina ya wenzake waliofia kazini, wengine miili haikuonekana kabisa, na kila ikifika mwisho wa mwaka analitoa anasoma jina moja moja halafu siku hiyo haongei na mtu. Ndugu wanamwambia aache eti anaita misiba. Nauliza, hivi mtu asiye na kaburi anakumbukwaje? Na kwanini ukisoma habari za meli za mafuta unakutana na ile meli ya Exxon Valdez tu na wale ndege waliopakaa mafuta, binadamu waliokufa mbona hawasemwi? (Binti wa baharia, Tukuyu)

JIBU: Marahaba mwanangu, na mzee mfikishie shikamoo yangu. Hao ndugu waambie kwa heshima wamwache asome. Huko Rungwe mtu akifa anazikwa nyumbani, kaburi liko hapo pembeni ya migomba, wajukuu wanapita kila siku wanajua huyu ni babu. Baharia aliyepotea hana hicho kitu, jina lake lisipotamkwa na mtu basi hakuna kingine cha kuonyesha kwamba aliwahi kuwepo, kwahiyo anachofanya baba yako ndo kaburi lenyewe hilo. Na sio yeye peke yake. Pale London sehemu inaitwa Tower Hill wamejenga ukumbusho wa mabaharia wa meli za biashara waliokufa vitani na hawana kaburi lolote zaidi ya bahari, wa vita ya pili peke yake wanakaribia 24,000, na majina yao yameandikwa yote, kila mtu chini ya jina la meli yake. Wamepangwa kwa meli, yaani mtu amekaa na wenzake aliokula nao.

Swali lako la pili linaniuma zaidi. Exxon Valdez ilipanda mwamba kule Alaska Machi 1989, ikamwaga tani kama 37,000, na ilistahili kutangazwa maana wavuvi wa kule waliharibikiwa vibaya sana. Lakini mabaharia wa ile meli walitoka wazima wote. Sasa rudi nyuma miaka 10, Julai 1979, meli mbili za mafuta Atlantic Empress na Aegean Captain zikagongana karibu na kisiwa cha Tobago kwenye mvua kubwa, Atlantic Empress ikaungua wiki mbili mpaka ikazama, mabaharia wake 26 wakafa na mafuta yaliyopotea yalifika tani 287,000, zaidi ya mara 7 ya yale ya Alaska. Mpaka leo hakuna ajali ya meli iliyomwaga mengi kama hayo. Nani anaikumbuka? Mafuta yalikwenda zake baharini, hayakuchafua sana fukwe za watu, basi na habari ikaishia hapo na wale 26 wakaishia nayo. Mwaka huohuo Januari, Betelgeuse ilikatika na kulipuka ikiwa gatini kwenye ghuba ya Bantry huko Ireland usiku wa manane, wakafa watu 50, aliyekuwa melini hakupona hata mmoja, na miili mingine haikupatikana. Uchunguzi ukasema meli ilikuwa imechakaa na maji ya kuiweka sawa yalipangwa vibaya. Maafa ya tanka, yaani meli ya mafuta, yanapimwa kwa tani, hilo ndo tatizo, na mtu hapimwi kwa tani.

Mafuta yakifika ufukweni kuna picha, kuna mvuvi anayedai, kuna mwanasheria. Watu wakiungua katikati ya bahari wa kudai ni mama yao tu na mke, na yuko mbali hajui hata aanzie wapi. (Na sisi wa milimani tusidhani ni mambo ya watu wa Pwani, Ziwa Nyasa hapo chini lilimeza meli ya MV Vipya mwaka 1946 upande wa Malawi wakafa watu 145, na wangapi hapa Mbeya wanalijua hilo jina?)

Ila kuna familia zilikataa kunyamaza, na hii msomee baba yako. MV Derbyshire ilikuwa meli ya Uingereza iliyojengwa kubeba mafuta au madini, ikapotea na shehena ya madini ya chuma karibu na Japani tarehe 9 Septemba 1980 kwenye kimbunga, watu 44 wakiwemo wake wawili wa mabaharia, bila hata neno moja la kuomba msaada. Uchunguzi wa kwanza ukasema ni nguvu ya bahari tu. Wajane, wazazi na ndugu wakaungana wakagoma, wakasukuma miaka na miaka, chama cha kimataifa cha wafanyakazi wa usafirishaji kikagharamia kuitafuta na 1994 ikapatikana, imelala chini zaidi ya mita 4,000. Bado ikaja ripoti inayosema mabaharia wenyewe hawakufunga vizuri mfuniko wa stoo ya mbele. Hebu fikiria mjane anasoma hivyo! Wakagoma tena, na mwaka 2000 uchunguzi ulipofunguliwa upya ikaonekana mawimbi yaling'oa mabomba ya hewa kule omoni (mbele ya meli), maji yakajaa kidogo kidogo, omo ikazama chini na mfuniko wa shehena ukashindwa kuhimili. Mabaharia wakasafishwa majina yao, miaka 20 baada ya kufa. Wangewahi kuambiwa wanaita misiba na wakanyamaza, wale watu wangebaki na lawama mpaka leo.

Kwahiyo daftari la mzee liongezewe. Kila jina andika meli gani, mwaka gani, alikuwa anafanya kazi gani, kwao wapi, na ilikuwaje, na yeye mwenyewe mrekodi kwenye simu akisimulia wakati nguvu bado ipo. Kuna siku ya mabaharia duniani kila tarehe 25 Juni, siku hiyo muiteni jirani na mchungaji au shehe wenu mzee asome majina mbele za watu, asisome peke yake Desemba chumbani.

SWALI: Mzee, sisi tunachomelea matenki ya malori yanayopeleka mafuta Tunduma. Kuna fundi wa zamani anasema tenki tupu ni hatari kuliko lililojaa, vijana wanambishia. Ukweli ni upi? (Fundi, Uyole)

JIBU: Huyo fundi msikilizeni. Kinachowaka ni mvuke wa mafuta ukichanganyika na hewa, na tenki lililojaa halina nafasi ya hewa, ila lililomwagwa likabaki na unyevunyevu chini ni kama bomu. Watu wamekufa mpaka dunia ikajifunza hilo. Desemba 1969, ndani ya mwezi mmoja, meli kubwa sana tatu Marpessa, Mactra na Kong Haakon VII zililipuka zote zikiwa tupu, mabaharia wanaosha matangi. Mactra ilikuwa hapa kwenye mlango bahari wa Msumbiji. Ikaja kugundulika yale maji yanayorushwa kwa presha yalikuwa yanatengeneza ukungu wenye umeme, na cheche yake inatosha. Ndo ikaja sheria ya kujaza matangi gesi isiyowaka ili oksijeni isizidi asilimia 8. Nyie hapo Uyole hamna huo mtambo, basi tenki lioshwe, lipigwe mvuke wa maji, lipimwe kwa kipimo cha gesi kabla hamjawasha moto, na kunusa sio kupima. Kama kipimo hakuna kazi hiyo kataeni, hata tajiri akipiga kelele. Morogoro tarehe 10 Agosti 2019 walikufa watu zaidi ya 100 kwa lori moja la mafuta, hatuhitaji lingine Mbeya.

SWALI: Kamwene kaka. Mwanangu amemaliza chuo cha bahari Dar, kuna wakala anamtaka atoe pesa nyingi ampatie nafasi kwenye tanka. Mimi naogopa pesa na naogopa meli. (Mama, Njombe)

JIBU: Kamwene dada. Pesa msitoe. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 unakataza baharia kutozwa hela ya kutafutiwa kazi, anachojigharamia ni pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha afya, basi. Wakala anayedai zaidi ya hapo nendeni TASAC (shirika la serikali linalosimamia mambo ya meli) muulize kama anatambulika.

Kuhusu meli siwezi kukudanganya, 2018 tanka ya Sanchi iligongana na meli nyingine kwenye bahari ya Uchina ikaungua na watu wake wote 32. Ila meli za siku hizi zina kuta mbili, zina hiyo gesi niliyomweleza fundi, sio zile za enzi zetu. Kinachoua vijana sana ni kuingia kwenye tangi ambalo hewa haijapimwa, halafu mwenzake anamwona ameanguka anaruka kumwokoa na yeye anabaki humo humo. Mwambie akiona mwenzake kalala chini apige kengele, asishuke bila mtungi wa hewa hata kama ni rafiki yake wa damu.

Na tangu Januari 2017 meli inayofuata huo mkataba wa 2006 lazima iwe na bima ya kumlipa baharia au familia yake akifa au akilemaa kazini, na ya kumrudisha nyumbani akitelekezwa, cheti chake kinabandikwa mahali mabaharia wanakiona. Siku ya kwanza akipanda akitafute, akipige picha akutumie, na wewe ukitunze pamoja na nakala ya mkataba wake wa kazi.