Gari linagonga "ko!" nikibadili gia

Swali: Foo baifoo (4x4) yangu ya zamani nikitoa gia D (ya mbele) kuweka R (ya nyuma) inagonga "ko!" chini. Nimebadili shokapu bado tu, shida nini fundi?

Jibu: Shokapu umezionea bure ndugu yangu, hiyo inanukia krosi za propela, yaani viungo vya ule mhimili mrefu wa chini unaopeleka nguvu ya gia kwenye tairi. Zima gari, weka mawe kwenye tairi, gia nyutro, ingia chini uizungushe propela huku na huku, krosi ikicheza ndo mwizi wako. Kabla hujafungua piga alama propela na flanji ya difu (sahani ya bolti inapofungwa propela kwenye difu) irudi ilivyokaa, la sivyo utajiletea mtetemo. Na kama bushi za amu (mipira ya kwenye mikono inayoshika tairi) nazo zimekufa badilisha, ila bolti zake kaza mwisho gari likiwa limeshasimama kwenye tairi zake, ukikazia juu ya jeki mpira unajinyonga unachanika mapema.