Siki ya nini kwenye mayai ya Pasaka?

SWALI: Anti shikamoo. Pasaka hii nataka nipake mayai rangi na wanangu ila kila nikijaribu inatoka mabaka mabaka. Halafu mkubwa kazi yake kuuliza tu, siki inafanya nini, siki inafanya nini, mi sina jibu. Na je yakishapakwa yanalika? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo muulizaji usimnyamazishe, ndo fundi wako. Mabaka mara nyingi ni mafuta ya vidole, basi mayai yakishachemka na kupoa yafuteni kwa kitambaa chenye siki kidogo, halafu msiyashikeshike. Rangi yenyewe ni maji ya moto nusu kikombe, siki kijiko cha chai, rangi ya chakula matone 10 hadi 20, yai likae dakika 5 hivi huku mnaligeuza.

Sasa siki. Ganda karibu lote ni kalsiamu kaboneti na siki ni asidi, zikikutana zinatoa hewa ya kaboni dayoksaidi. Mwekee yai bichi kwenye glasi ya siki tupu ajionee, vipovu vinalizunguka ganda zima kama shanga, likikaa siku moja au mbili ganda linaisha kabisa inabaki ngozi laini (waliguse juu ya sinia, likipasuka utafua wewe). Kwenye rangi asidi hiyohiyo ndo inaifanya ing'ang'anie protini za juu ya ganda, ila usimimine siki nyingi ukadhani itashika zaidi, ganda litalika na rangi itaharibika.

Mimi lakini napenda zaidi kabichi ya zambarau. Ikatekate, chemsha nusu saa, chuja, ipoe, tia siki, maji yanageuka pinki palepale. Waulize yai litatoka rangi gani, wote watasema pinki! Liache humo kwenye friji usiku kucha, asubuhi ni la bluu. Rangi ya kabichi hubadilika kufuata asidi, na ganda linaiua asidi inayoligusa, kwa hiyo pale kwenye ganda inarudi bluu. Tumieni mayai meupe, ya kahawia hayaonyeshi vizuri.

Kula yanalika, mradi rangi ni ya chakula na hayakukaa nje ya friji zaidi ya saa 2, yaishe ndani ya wiki. Lile la kwenye glasi bado bichi hilo, mtupe na wanawe mikono.