Kabla hujamnunulia mwanao tutu

Januari mwaka huu mama mmoja aliingia dukani kwangu akiwa na picha kwenye simu: mcheza baleti amesimama kwa ncha za vidole vya mguu mmoja, sketi imemtandaa kiunoni kama sinia. "Fundi, nataka kama hii, ya binti yangu. Ana miaka sita." Nikamuuliza mtoto ameanza lini kujifunza. "Wiki ijayo ndiyo anaanza."

Nashona nguo za baleti hapa Nairobi, huu mwaka wa tisa, baada ya miaka mingi ya magauni ya harusi na sare za shule. Ombi kama hilo huniletea kazi, lakini mara nyingi humwambia mzazi: bado. Sketi ile ya sinia ni aina moja ya tutu, yaani sketi ya baleti yenye matabaka ya kitambaa chepesi. Haimfai mtoto anayeanza, na ukijua ilivyopata umbo lake utaelewa kwa nini.

Tutu ya kwanza haikuwa fupi. Tarehe 12 Machi 1832, katika Opera ya Paris, Marie Taglioni alicheza La Sylphide, baleti aliyotungiwa na babake, Filippo. Alikuwa kiumbe wa hewani mwenye mabawa madogo, na alivaa sketi ya melimeli nyeupe, tabaka juu ya tabaka, iliyopanuka kama kengele na kuishia kati ya goti na kifundo cha mguu. Urefu huo ulikuwa na kazi yake. Taglioni alikuwa akipanda kwa ncha za vidole, na kama sketi ingefika chini nani angeona? Karibu miaka mia moja kabla yake, Marie Camargo alishapunguza sketi yake hapo hapo Paris ili miguu yake miepesi ionekane.

Miaka ya 1880 wakaja wachezaji wa Kiitaliano. Virginia Zucchi alipokwenda kucheza St Petersburg, Urusi, mwaka 1885 alitaka sketi fupi kuliko waliyoizoea huko. Baada yake Pierina Legnani akaleta mizunguko 32 mfululizo kwa mguu mmoja, ile anayoifanya Odile, binti wa mchawi katika baleti ya Swan Lake, tangu 1895. Jaribu kuzunguka hivyo ndani ya sketi ndefu, itakusokota miguu. Kwa hiyo kitambaa kikapanda juu ya goti, kikapanda tena, mpaka katika karne ya 20 kikatandaa kutoka kwenye nyonga kama meza. Kila sentimita iliyokatwa ilikatwa kwa sababu mguu ulikuwa na jambo jipya la kuonyesha.

Sasa mrudie yule mtoto wa miaka sita. Anajifunza kusimama, kukunja magoti, kushusha mikono mbele ya mwili. Ukimvika sinia haoni miguu yake mwenyewe, mikono haishuki, na hawezi kuketi sakafuni na wenzake. Mwanzo mnunulie vazi la kubana na kisketi chepesi cha kufunga. Ikifika siku ya onyesho, mshonee ile ya kengele, ya Taglioni. Inacheza vizuri mwilini, inasamehe goti ambalo halijanyooka, na mtoto akikimbia jukwaani inamfuata kama moshi. Mimi naipenda kuliko ile fupi, hilo silifichi.

Kuna jambo lingine ambalo humwambia kila mzazi kabla hajatoka mlangoni, na naomba ulisome polepole. Taglioni alikuwa na mwanafunzi aliyempenda sana, Emma Livry, akamtungia baleti mwaka 1860. Enzi hizo jukwaa liliangazwa kwa taa za gesi zenye miali wazi. Kulikuwa na dawa ya kuchovya nguo ili zisishike moto, na Paris ilishatoa amri itumike, lakini ilikakamaza kitambaa na kukitia umanjano, na Emma aliikataa. Tarehe 15 Novemba 1862, katika mazoezi, sketi yake iligusa mwali. Aliungua vibaya, akaishi miezi minane ya maumivu, akafariki Julai 1863 akiwa na miaka 20. Mabaki ya vazi lake yamehifadhiwa Paris mpaka leo. Na London, mwaka 1844, Clara Webster alikufa kwa ajali ya namna hiyo hiyo.

Taa za gesi zimeondoka jukwaani, lakini mishumaa ya keki ipo, na jiko la gesi lipo. Siku hizi tutu za bei nafuu zinauzwa kama nguo za sherehe za kuzaliwa, na mtoto huinamishwa juu ya mishumaa akiwa amezungukwa na neti, kile kitambaa chepesi chenye matundu. Neti ya nailoni ikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Mpige picha na tutu yake, kisha mvue kabla hamjawasha mshumaa hata mmoja. Na jikoni asiingie nayo.

Joto hilo nimelionja kwa namna nyingine. Tutu ya kwanza niliyoshona niliiharibu kwa pasi, siku mbili kabla ya onyesho. Niliona tabaka la juu lina mkunjo, nikasema niliguse kidogo tu. Harufu ilinifikia kabla macho hayajaona: shimo lenye umbo la ncha ya pasi, limepenya tabaka tatu. Nilifumua na kushona usiku kucha. Tangu hapo neti nainyoosha kwa mvuke, kwa mbali, mkono mwingine ukiwa ndani ya sketi. Mkono ukihisi joto kali, nguo nayo imelihisi.

Kwa fundi anayetaka kujaribu, au mzazi anayetaka kujua analipia nini: kosa kubwa ni kuanzisha neti kiunoni. Sketi ya aina hiyo huanguka, na mtoto huonekana mnene. Tutu fupi huanzia kwenye nyonga. Kiunoni hukaa mkanda wa kitambaa uliobana mpaka kwenye mifupa ya nyonga, na chini yake matabaka hushonewa kwenye chupi yenyewe. La juu ndilo refu kuliko yote. Kila linalofuata hupungua kidogo, mpaka lile la mwisho kwenye paja, ambalo mimi hulikata upana wa vidole vitatu. Inasemekana hata jina tutu lilitokana na neno la kitoto la Kifaransa la kutaja makalio, na ukivitazama vile vitambaa vifupi vya chini unaamini. Mtu mzima huhitaji matabaka kumi na zaidi. Mtoto humtilia sita au saba.

Kisha huja kazi ambayo mteja haioni, na ndiyo inayokula siku. Matabaka yote hushikanishwa kwa mishono iliyolegea, uzi ukiachwa na nafasi ya upana wa kidole kati ya tabaka na tabaka. Ukiikaza, sketi inakuwa ubao. Ukiiacha sana, kila tabaka linakwenda njia yake. Ikikaa sawa, mchezaji akisimama ghafla mwili unatulia, lakini ukingo wa sketi unaendelea kutetema kidogo, kama maji kwenye bakuli lililowekwa mezani. Nimeuona mtetemo huo mara nyingi nikiwa nyuma ya pazia na bado hunishika koo. Nadhani Edgar Degas, msanii wa Ufaransa, naye uling'ang'ania machoni mwake. Sanamu yake ya nta ya binti mcheza baleti wa miaka 14, aliyoionyesha Paris mwaka 1881, aliivika sketi ya kitambaa halisi. Baada ya kifo chake zilitengenezwa nakala za shaba, nazo huvikwa sketi vilevile, na ikichakaa makumbusho hulazimika kushona nyingine.

Wateja wengi huniomba nitie waya ndani ili sinia lisimame. Mimi huwauliza kwanza: jukwaani wataingia watoto wangapi? Wakiwa wengi kwenye ukumbi mdogo, waya ni balaa; mmoja akimgusa mwenzake, sketi ya upande huu inashuka na ya upande ule inainuka. Tatizo hilo lilitatuliwa New York mwaka 1950 na Barbara Karinska, fundi mzaliwa wa Kharkiv, Ukraine, aliyemshonea mtunzi wa baleti George Balanchine. Alitoa waya, akapunguza matabaka, akayashikanisha kwa kulegeza, sketi ikawa laini kama kifuto cha poda. Namna hiyo bado inashonwa na makundi makubwa ya baleti. Kama ilitosha kwa jukwaa la New York, inatosha kwa ukumbi wa shule yako.

Rangi sasa. Mikanda ya mabegani na neti ya kifuani inayotakiwa isionekane huuzwa ikiwa na rangi ya ngozi ya Mzungu, na kwa binti zetu inaonekana kama bandeji. Arthur Mitchell, aliyeanzisha kundi la baleti la Dance Theatre of Harlem, New York, mwaka 1969 pamoja na Karel Shook, aliliona hilo mapema: wachezaji wake walianza kuvaa taiti na viatu vilivyotiwa rangi ya ngozi ya kila mmoja, ili mstari wa mguu usikatike. Fanya hivyo nyumbani. Chemsha chai ya rangi iliyokolea, iache ipoe kidogo, chovya mkanda, utazame kila baada ya dakika tano ukiuweka juu ya mkono wa mtoto. Kwa ngozi iliyokolea zaidi, rudia siku ya pili, au tia kahawa.

Baada ya onyesho, usiifue tutu. Kifua chake kifute kwa kitambaa chenye unyevunyevu. Kwapani kunakobaki harufu, wenye majumba ya maonyesho hupulizia pombe kali isiyo na rangi iliyochanganywa na maji, nami hufanya hivyo hivyo. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha. Kisha ining'inize kichwa chini, miguu juu, ili uzito wa neti uyavute matabaka yarudi kwenye umbo lake.

Na mwambie fundi wako aweke kulabu mgongoni, si zipu, tena safu mbili za vitanzi. Zipu ikikatika jukwaani hakuna la kufanya. Kulabu moja ikitoka, zilizobaki zinashikilia, na safu ya pili inampokea mtoto mwingine mwenye kifua kipana zaidi. Ndani ya mgongo hushona utepe mweupe na kuandika jina la anayevaa. Ile niliyoiunguza kwa pasi, nikaikarabati, ina majina manne sasa, la kwanza limefifia kwa jasho. Bado ipo kazini.